Mlinganyo wa Kingo Mbili

Mto Lukonzi si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi maji yake yanamfikia mtu mzima magotini. Lakini kwa mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo, hakuna mto mdogo. Akifika ukingoni anafungua kamba, anateremsha gunia la mpunga, analibeba kichwani mpaka ng'ambo. Anarudi kuchukua bidoni, yaani dumu la mawese. Anarudi tena kuchukua baiskeli. Kisha anafunga kila kitu upya na kuendelea na safari ya Kasongo, suruali ikiwa imelowa. Mvua zikianza, hata hilo haliwezekani. Lukonzi unapanda, unabeba miti mizima, na mizigo ya kila ukingo inabaki hukohuko.

Louise aliujua mto huo kwa miguu yake. Yeye na mume wake, Alimasi, waliishi ukingo wa barabara, katika kijiji kimoja cha Kabambare, upande wa Lusangi. Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo, kwenye ardhi ya marehemu baba yake. Kaka yake Michel aliishi huko. Mwaka huu mpunga ulikubali, na magunia yalijaa ghala la Michel mpaka mlangoni. Mwaka uliopita pia yalijaa. Louise alivusha moja moja kiangazi chote, akachelewa, mvua zikayakuta mengine hukohuko. Yaliota ukungu kabla ya kuliona soko.

Daraja, ambalo watu wa huko wanaliita kilalo, lilikuwapo. Lilikuwa la kamba za pori. Alimasi ndiye aliyelisuka, kama baba yake alivyosuka kabla yake. Sakafu ilitandikwa juu ya kamba zenyewe, kwa hiyo ilining'inia kama machela. Mtu wa miguu alipita akishika pembeni kwa mikono miwili, bila mzigo. Baiskeli yenye mzigo haikupita.

Daraja hilo lilikuwa na mila yake. Kila ukingo ulifunga nusu yake. Alimasi alifunga kutoka kwake mpaka katikati, Michel alifunga kutoka kwake mpaka katikati, na hakuna aliyegusa fundo la mwenzake. Mila hiyo ilikuwa imezuia kesi nyingi. Fundo likikatika, kila mtu alijua ni la nani.

Kiangazi hiki chifu aliwapa kitu kipya. Watu waliokuwa wakitengeneza barabara waliondoka, wakaacha kamba mbili nene za chuma na vyuma vyembamba kumi na vinane. Chifu alisema vitumike kujenga daraja la kupitisha baiskeli. Alisema pia kwamba vingine havipo na havitakuja.

Mpango ulikuwa mzuri. Kila upande wa daraja, kamba moja ya chuma ingening'inia kutoka nguzo ya ukingo huu mpaka nguzo ya ukingo ule. Kwenye kila kamba vingefungwa vyuma tisa, vimesimama wima, na chini ya vyuma ingekaa sakafu ya mbao. Kamba ingeshuka na kupanda. Sakafu ingebaki imenyooka. Kazi ilikuwa moja tu, kujua urefu wa kila chuma.

Alimasi hakuona ugumu. Yeye alikuwa pia fundi wa mapaa, na alijenga mapaa mengi kuliko madaraja. Kwenye paa, miti ya kusimama inapungua kwa kipimo kilekile kila hatua, kutoka katikati mpaka ukutani. Aliiona kamba ya chuma kama paa lililopinduliwa. Kichwa cha nguzo kilikuwa sentimita 350 juu ya sakafu. Chuma cha katikati, yaani cha tano, kilitakiwa kuwa na sentimita 100. Kutoka 350 mpaka 100 kuna hatua tano, na kila hatua ni 50. Akakata 300, 250, 200, 150, 100. Alimtangazia Michel vipimo kwa sauti juu ya maji, na Michel akakata vilevile kwa nusu yake.

Walipoweka mbao, sakafu ilifanya mawimbi. Karibu na kila ukingo ilizama kama tumbo. Katikati iliinuka kama nundu.

Alimasi alisimama akitazama. Michel ndiye aliyeanza kusema, kutoka ng'ambo.

"Shemeki, upande wako umelegea."

"Upande wangu? Angalia upande wako. Iko na tumbo kama ya mutu alikula matanga mbili siku moja."

"Mutu anaishi na dada yangu miaka yote hii, na bado hajui kufunga chuma."

"Dada yako mwenyewe alisema wewe unafunga mbuzi, na mbuzi anafika nyumbani mbele yako."

Watu waliokuwa ukingoni walicheka. Louise hakucheka. Aliangalia ng'ambo, kwenye ghala, akaenda zake.

Siku iliyofuata mbao na vyuma vilishushwa. Bahati ilikuwa moja. Vyuma vilikuwa virefu kupita kiasi, si vifupi. Chuma kirefu unaweza kukikata tena. Chuma kifupi hakiongezeki. Wakikosea mara ya pili, daraja halitakuwapo, na mpunga utaozea kwa Michel kama wa mwaka uliopita.

Likizo kubwa ilikuwa imeanza na wanafunzi walikuwa wamerudi. Safi, binti wa Alimasi na Louise, alitoka Kasongo. Pacifique, mwana wa Michel, alitoka Salamabila. Wote wawili walisoma hesabu katika shule za sekondari, wote wawili walikuwa hodari, na tangu utoto hakuna aliyemwacha mwenzake amalize sentensi.

Safi alimwambia baba yake kwamba kamba iliyobeba mzigo uliogawanyika sawasawa haishuki kama paa. Inapinda, na upindo huo una hesabu yake. Alimasi aliuliza kama haingekuwa rahisi kupanda na kupima kamba jinsi ilivyo. Kisha akajijibu mwenyewe. Alikuwa amejaribu. Mtu akining'inia kwenye kamba tupu, kamba inabonyea palepale alipo. Unakuwa umepima uzito wa mtu, hukupima daraja.

Basi ikawa kuhesabu. Na kwa kuwa kila ukingo una nusu yake, Safi alihesabu kwa baba yake, na Pacifique akahesabu kwa baba yake.

Mwanzoni walikubaliana. Walifikiria uzi ulionyooka kutoka kichwa cha nguzo hii mpaka kichwa cha nguzo ile. Mahali pa kila chuma, kamba imeshuka chini ya uzi kwa kiasi fulani. Kiasi hicho, kwa sentimita, walikiita y. Namba ya chuma waliiita x. Nguzo ya Alimasi ni 0, kisha vyuma 1 mpaka 9, na nguzo ya Michel ni 10. Ukijua y, unaitoa katika 350, na unapata urefu wa chuma. Katikati, kwenye chuma cha 5, y ni 250.

Kisha kila mmoja akaandika kwa makaa kwenye ubao wa sakafu. Safi aliandika hivi:

y = 250 − 10(x − 5)²

Pacifique aliandika hivi:

y = 100x − 10x²

Sentensi ya hesabu yenye alama ya "sawa na" inaitwa mlinganyo. Vijana hawa wanaiita ekwasio, kwa Kifaransa cha shuleni. Kile kidude kidogo cha 2 kilichokaa juu kinasema: zidisha kitu hiki kwa chenyewe. Kwa hiyo x² ni x mara x. Na mlinganyo ambao x imezidishwa kwa x, bila kwenda juu zaidi ya hapo, ni mlinganyo wa kipeo cha pili.

Pacifique alivuka mto na ubao wake begani, Michel akimfuata. Aliuweka chini, kando ya ubao wa Safi. Mbao mbili, na baada ya y = kila mmoja alikwenda njia yake. Alimasi na Michel waliinama kutazama. Hawakuelewa hesabu hiyo, lakini waliona kwamba hazifanani.

"Moja iko uongo," Michel alisema.

Pacifique alisema ataonyesha ni ipi. Alichukua makaa akaanza kufungua mabano ya Safi. Aliandika kwamba (x − 5)² ni x² − 25. Akazidisha, akatoa, akafika kwenye y = 500 − 10x². Kisha akaweka 2 mahali pa x, akapata 460.

"Dada wa Kasongo, sikiliza. Kwenye chuma ya pili, kamba yako inashuka 460. Sakafu iko 350. Kwa hiyo watu watapita juu, na kamba yako itapita chini pamoja na samaki."

Michel alicheka mpaka akashika goti. Safi alihisi uso ukiwaka. Alijua mlinganyo wake ni wa kweli. Aliukariri darasani, aliuandika kwenye mtihani, akapata alama zote. Lakini hakuwahi kuufungua mwenyewe, na sasa hakujua jinsi ya kuutetea. Akashambulia.

"Na yako, bwana wa Salamabila? Kamba inafika chini kabisa kwenye chuma gani? Inashuka ngapi? Nionyeshe kwenye ubao wako."

Pacifique aliangalia ubao wake. 100x − 10x². Katikati haikuonekana popote. Alisema kwamba hilo si swali.

Baba zao wakaingia. Alimasi alimtetea Safi, Michel alimtetea Pacifique, na hakuna kati yao aliyejua anatetea nini. Mwishowe Alimasi aliuchukua msumeno wa chuma, akauweka ndani, akafunga mlango.

"Msumeno haitagusa chuma mpaka ninyi wawili museme neno moja," alisema.

Vijana hawakusema neno moja. Hawakusema neno lolote. Kila mmoja alikaa ukingo wake na ubao wake. Upande wa mashariki mawingu yalianza kujikusanya kila alasiri, yakitawanyika, yakirudi mazito zaidi.

Louise ndiye aliyechoka kwanza. Nyumba chache kutoka kwake alikuwapo Madame Régina, aliyekuja likizo kwa mama yake. Madame Régina anafundisha hesabu katika sekondari moja ya Kasongo. Yeye na Louise walikua pamoja, walifua nguo pamoja katika mto huohuo. Louise alimsimulia yote, tangu tumbo la sakafu mpaka msumeno uliofungiwa.

"Mi sijui x," alimalizia. "Najua mupunga yangu iko ng'ambo."

Madame Régina alikuja asubuhi. Aliomba mbao mbili ziletwe, na Michel na Pacifique wavuke. Hakuuliza nani ana haki. Aliuliza kitu kingine.

"Nani kati yenu aliweka namba kwenye ekwasio ya mwenzake, kama ilivyo, bila kuigusa?"

Alimwambia Safi aweke 2 kwenye mlinganyo wake, na Pacifique aweke 2 kwenye wake, kila mmoja kwa sauti.

Safi alianza. Mbili toa tano ni hasi tatu. Hasi tatu mara hasi tatu ni tisa. Tisa mara kumi ni tisini. Mia mbili hamsini toa tisini ni mia moja sitini.

Pacifique akafuata. Mia mara mbili ni mia mbili. Mbili mara mbili ni nne, mara kumi ni arobaini. Mia mbili toa arobaini.

"Mia moja sitini," alisema.

Walijaribu 3. Wote walipata 210. Michel hakuamini, akataka namba ya kwake, upande wa nusu yake. Alichagua 7. Safi alipata 210. Pacifique alipata 700 toa 490, yaani 210.

"Hii yote iko kitu kimoja?" Michel aliuliza.

"Iko kitu kimoja, Baba Pacifique," Madame Régina alisema. "Wewe ukienda kanisani unavaa shati. Ukienda shambani unavaa nguo ya shamba. Mutu ni yuleyule."

"Na mimi nikienda musikitini?" Alimasi aliuliza.

"Na wewe pia, Baba Safi. Usiogope, kanzu yako tunaifikia."

Kisha alimgeukia Pacifique. Alimwambia kwamba kufungua mabano lilikuwa wazo zuri. Kosa lilikuwa katika kufungua kwenyewe. Ili amwonyeshe, alimwomba aweke 8 mahali pa x. Nane toa tano ni tatu, na tatu mara tatu ni tisa. Lakini kwa njia ya Pacifique, nane mara nane ni sitini na nne, toa ishirini na tano, inabaki thelathini na tisa. Tisa si thelathini na tisa.

"Mabano mbili zinazidishana," alisema. "Kila kitu cha bano la kwanza kinazidishwa na kila kitu cha bano la pili. Andika."

Pacifique aliandika, polepole, na mara hii Safi aliinama karibu naye kuangalia.

(x − 5)(x − 5) = x² − 5x − 5x + 25

"Umeona? Ulisahau hawa wawili wa katikati. Na ile 25 ni ya kuongeza, kwa sababu hasi mara hasi ni chanya. Sasa endelea."

Aliendelea. Hasi tano x, mara mbili, ni hasi kumi x. Akazidisha yote kwa 10, akapata 10x² − 100x + 250. Akaitoa katika 250 ya mwanzo. 250 na 250 zikafutana. Ishara nyingine ziligeuka. Kilichobaki ubaoni kilikuwa hiki:

y = 100x − 10x²

Ulikuwa mlinganyo wake mwenyewe. Umetoka ndani ya mlinganyo wa Safi. Pacifique aliutazama, kisha akamtazama binamu yake.

"Kumbe ulikuwa umenifungia ndani ya mabano," alisema.

"Ulikuwa unapiga kelele sana."

Madame Régina hakuwaacha hapo. Aliwauliza kwa nini basi watu wa hesabu wanahangaika na mavazi tofauti, kama mtu ni mmoja. Akaeleza mwenyewe, akigusa ubao kwa kidole.

Umbo la Pacifique ni umbo lililokunjuliwa. Kila kitu kimetandazwa wazi. Ni rahisi kuweka namba na kuhesabu haraka, na ni rahisi kulinganisha na mlinganyo mwingine. Lakini halikuonyeshi katikati. Umbo la Safi ni umbo la katikati. Linakuonyesha, bila kuhesabu chochote, kwamba kamba inashuka zaidi kwenye chuma cha 5, na inashuka 250. Kwa nini? Kwa sababu kitu kilichozidishwa kwa chenyewe hakiwi hasi kamwe. Kwenye chuma cha 5 bano linakuwa sifuri, na hakuna kinachotolewa. Mahali pengine popote, kitu kinatolewa.

"Kwa hiyo kila mmoja alimwuliza mwenzake swali ambalo umbo lake haijibu," alisema. "Ugomvi wenu ulikuwa huo tu."

Alimasi alisema kwamba amesikia, lakini yeye ni mtu wa kushika vitu. Hasi mara hasi hakuijua. Alitaka kujua kama kuna vazi linalomtosha yeye.

Madame Régina alisema lipo, na ni la tatu. Aliandika:

y = 10x(10 − x)

Kisha akafuta herufi zote kwa mkono na kueleza kwa maneno. Simama kwenye chuma chochote. Hesabu ni cha ngapi kutoka ukingo wa Alimasi. Hesabu ni cha ngapi kutoka ukingo wa Michel. Zidisha hizo mbili. Kisha zidisha kwa kumi. Hapo umepata kiasi ambacho kamba imeshuka. Hili ni umbo la kuzidisha. Linaonyesha wazi mahali ambapo kamba haikushuka hata kidogo. Kwenye nguzo ya Alimasi, hesabu ya kwanza ni sifuri. Kwenye nguzo ya Michel, hesabu ya pili ni sifuri. Sifuri mara chochote ni sifuri. Na ukilikunjua, 10x mara 10 ni 100x, na 10x mara x ni 10x². Unarudi kwa Pacifique.

"Umbali kutoka kwako, mara umbali kutoka kwa shemeki yako," alimwambia Alimasi. "Bila ninyi wawili, hesabu haiko."

Alimasi aliokota kijiti, akachora vyuma tisa ardhini. Alihesabu kwa vidole. Moja mara tisa, mara kumi, tisini. Mbili mara nane, mia moja sitini. Tatu mara saba, mia mbili na kumi. Nne mara sita, mia mbili arobaini. Tano mara tano, mia mbili hamsini. Aliziandika kwa mstari, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Alitafuta kamba inaongeza kushuka kwa kiasi gani kutoka chuma kimoja mpaka kingine. Tisini. Sabini. Hamsini. Thelathini. Kumi.

"Paa, hatua yake ni moja, mwanzo mpaka mwisho," alisema, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia wengine. "Hapa hatua yenyewe inapungua. Inapungua ishirini kila mara. Ndiyo maana ilinitoka tumbo."

Madame Régina alisema hivyo ndivyo kila mlinganyo wa kipeo cha pili ulivyo. Hatua hazilingani, lakini hatua zenyewe zinabadilika kwa kipimo kimoja.

Bado Alimasi hakufungua mlango. Alikuwa amekata vibaya mara moja mbele ya watu wote. Alimwomba Michel arudi ng'ambo, akae peke yake, ahesabu chuma cha tatu kutoka ukingo wa Alimasi. Yeye atahesabu hichohicho kutoka hapa. Vijana wasiwasaidie. Michel alisema kwamba shemeki yake hata kwa Mungu ataomba kitambulisho. Lakini alivuka.

Kutoka kwake, chuma hicho kilikuwa cha saba. Alizidisha saba kwa tatu. Alimasi alizidisha tatu kwa saba. Kila mmoja alizidisha kwa kumi, akatoa katika 350. Watu wa kingo zote mbili walikuwa wamesimama, wengine na baiskeli zao, wakingoja bila kujua wanangoja nini.

"Shemeki," Alimasi aliita. "Yako ni ngapi?"

"Taja yako kwanza."

"Mi nilitaja kwanza mara ya kwanza, na uliona matokeo. Taja wewe."

Maji yalipita kati yao. Michel alitazama tena ardhini alipoandika.

"Mia moja arobaini."

Alimasi aliingia ndani, akatoka na msumeno.

Vyuma vilikatwa siku hiyohiyo. Kutoka kila ukingo kwenda katikati vilikuwa 260, 190, 140, 110, na kile cha katikati 100. Safi aliita vipimo upande wa baba yake akitumia umbo lake. Pacifique aliita upande wake akitumia lake. Hakuna aliyemwomba mwenzake abadilishe. Chuma cha tano hakikuwa cha mtu, basi Alimasi na Michel walikifunga pamoja, mmoja ameshika koleo, mwingine ameshika waya, wakilaumiana mpaka fundo la mwisho. Madame Régina alikuwa amewatahadharisha kwamba kamba itachukua umbo lake kamili mbao zote zikishakaa, kwa sababu uzito wa sakafu ndio unaoivuta sawasawa kila mahali. Kwa hiyo walipoweka mbao chache na sakafu ikacheza, hakuna aliyegombana. Waliendelea kuweka.

Ubao wa mwisho ulipokaa, Michel alilala kifudifudi kwenye ukingo wake, shavu kwenye mbao, jicho moja limefumba. Alimasi alifanya hivyohivyo upande wa pili. Kwa muda walibaki hivyo, wanaume wawili wazima wamelala wakitazamana kutoka mwanzo wa daraja mpaka mwisho.

"Niko naona kichwa yako yote," Michel alisema. "Kwa bahati mbaya."

Baada ya siku hiyo watu wa kijiji kingine, walio chini zaidi kwenye Lukonzi, walikuja kumwomba Alimasi awajengee lao. Mto wao ni mpana zaidi, na daraja lao litakuwa na hatua kumi na mbili. Hakumwita Safi. Alichora vyuma ardhini, akaanza moja mara kumi na moja, mbili mara kumi. Alipofika sita mara sita aliuliza wanataka kamba ishuke kiasi gani katikati, kwa sababu sasa alijua kwamba namba ile ya mbele, ile kumi ya daraja lake na Michel, inatoka hapo: mia mbili hamsini gawa kwa tano mara tano.

Lakini kabla ya hapo ilikuja mvua. Ilinyesha usiku kucha milimani, na asubuhi Lukonzi ulikuwa umepanda, mwekundu, unavuma. Mawe ya kukanyagia hayakuonekana. Ng'ambo, Pacifique na Safi walikuwa wakifunga magunia kwenye baiskeli, wakibishana ni fundo gani linashika zaidi. Louise alichukua baiskeli ya kwanza. Magunia mawili nyuma, bidoni ya mawese pembeni. Alishika usukani kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akashika mti wa kusukumia uliofungwa nyuma ya kiti, akaingia kwenye daraja.

Mbao zililia kidogo chini ya magurudumu. Alipita chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu, na mzigo haukumvuta wala haukumsukuma. Katikati alisimama. Hakuwa amechoka. Alilegeza mikono taratibu, akiwa ameuegemeza mzigo begani ili usianguke, na akangoja kuona gurudumu litateremkia upande gani.

Halikwenda popote. Chini yake mto ulipita na gogo zima. Louise alishika usukani tena, akasukuma mpunga wake mpaka barabarani.